Mzigo Uliohesabiwa: Historia ya Barabara za Makete

Basi la kutoka Mbeya kwenda Iringa huipita Igurusi, halafu Chimala, na abiria wengi hawashuki hapo. Anayeshuka akageukia kusini hukutana na ukuta wa milima, na juu ya ukuta huo mstari mwembamba unaokata kulia, ukarudi kushoto, ukakata tena kulia, mpaka ukapotelea kwenye ukungu. Hiyo ndiyo njia ya kupandia Matamba, wilayani Makete. Wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Dereva wa lori la viazi anayeteremka huko huingiza gia nzito tangu juu, na utingo wake hukaa jirani na mlango akiwa na gogo mkononi, tayari kuruka na kulisukumia chini ya tairi.

Ukiwa juu, siku isiyo na ukungu, bonde la Usangu lote liko miguuni pako. Barabara ya lami iendayo Zambia inaonekana, na reli ya TAZARA nayo. Bomba la mafuta la TAZAMA limezikwa ardhini kuelekea huko huko. Fedha za Wamarekani, Wachina, Waitaliano na Benki ya Dunia zilipita nyanda hizi za chini ndani ya miaka kumi tu. Huku juu, miaka hiyo yote, ngano na pareto vilingoja mvua ikatike ndipo gari lifike.

Mlima ulichangia, lakini haukuwa peke yake. Barabara hujengwa pale palipo na mzigo unaoonekana kwenye hesabu, na kwa muda mrefu mzigo wa Makete haukuhesabiwa na mtu.

Kabla ya barabara palikuwa na vijia. Wakinga, wenyeji wa milima hii, walikuwa wafua chuma, na majembe yao yalishuka milima kwa miguu kwenda kubadilishwa kwa majirani zao. Wajerumani, walipokwisha kuivunja ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga mwaka 1894, walihitaji njia za kupitisha askari na wapagazi. Waingereza waliowafuata walitoza kodi, na asiyekuwa na fedha aliweza kuilipa kwa nguvu zake: kufyeka, kuchimba mitaro, kujaza mashimo. Mchango wa kwanza wa wanavijiji katika bajeti ya barabara, basi, ulikuwa siku zao za kulima.

Dhahabu ilipoonekana Lupa mwaka 1922, macho yote yaligeukia Chunya, na mji wa Mbeya ukaota kwa mbio hizo. Reli iliyofikiriwa kuletwa nyanda za juu haikujengwa. Badala yake shirika la reli likaweka malori na mabasi yake kati ya Dodoma, Iringa na Mbeya, kwenye njia iliyokuwa sehemu ya ndoto ya Waingereza ya kuunganisha Cape na Cairo. Kilichopewa uzito kwenye vitabu kilikuwa dhahabu, kahawa na chai. Njia za pembeni waliachiwa machifu na watu wao.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia ya Kusini. Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikalazimika kutazama Dar es Salaam. Malori yaliyosheheni mapipa ya mafuta yakaanza kupanda mlima wa Kitonga na kukata Mbeya hadi Tunduma, juu ya udongo ambao masika huugeuza uji. Mengi hayakufika. Madereva wa kigeni waliipa njia hiyo jina la jehanamu.

Hapo fedha zilipatikana haraka. Bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968. Lami ya barabara kuu ilijengwa kwa msaada na mikopo ya Marekani, Benki ya Dunia na Sweden. Mwaka 1970 Wachina walianza kujenga reli ya kilomita 1,860, na miaka mitano baadaye ilikuwa imefika Kapiri Mposhi. Hakuna aliyeuliza kama mkulima wa Matamba ana gunia la kusafirisha. Mzigo uliohesabiwa ulikuwa shaba ya nchi jirani na ukombozi wa kusini mwa Afrika, nayo ilikuwa hesabu ya haki. Ila ilipita chini ya mlima.

Serikali nayo ilikuwa na njia yake ya kumkutanisha mkulima na barabara. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alisema kuishi vijijini ni amri, na ndani ya miaka michache mamilioni ya watu walihamishwa, wengi wakipangwa kandokando ya njia za magari. Badala ya barabara kumfuata mtu, mtu aliifuata barabara. Wakati huohuo halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa kwa mpango wa madaraka mikoani wa mwaka 1972. Uamuzi wa kalavati la kijijini ukahamia mkoani. Makete ilipofanywa wilaya mwaka 1979 makao yake yaliwekwa Iwawa, na mkoa wake ulikuwa Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Ilibaki chini ya Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipozaliwa mwaka 2012.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya njaa ya kila kitu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili, vita ya Kagera imemaliza akiba, fedha za kigeni hakuna. Greda lililoharibika lilikaa uani likisubiri kipuri mpaka majani yakaota kwenye magurudumu. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984 zikiwa na kazi nyingi na mifuko mitupu.

Mwaka uliofuata, 1985, ulianza Makete mradi ambao haukuanza na greda. Shirika la Kazi Duniani, kwa fedha za Uswisi na kwa kushirikiana na serikali, lilitaka kujua watu wa wilaya hii wanasafiri vipi hasa. Kwa kawaida mhandisi wa barabara huhesabu magari. Huweka mtu kando ya njia na daftari, naye huandika: lori moja, Landrover moja, lori moja. Kwa Makete ya wakati ule daftari hilo lingejaa nafasi tupu, na jibu lingekuwa rahisi: hapa hapastahili barabara.

Wahesabuji wa mradi walienda majumbani. Waliuliza maji yanatoka wapi na mara ngapi kwa siku, kuni zinakatwa umbali gani, shamba liko bonde lipi, mashine ya kusaga iko kijiji gani, zahanati je, mnada je. Waliandika saa na uzito.

Tuichukue hesabu moja tu ya aina hiyo, tuifanye wenyewe. Debe la lita 20 ni kilo 20. Mama akiteka mara mbili kwa siku katika kisima kilicho kilomita moja, siku moja amebeba kilo 40. Mwaka ukiisha kichwa chake kimebeba zaidi ya tani 14 kwa umbali wa kilomita moja, yaani shehena ya malori mawili ya tani saba. Hapo hujaweka kuni, wala mahindi ya kwenda kusagwa, wala mtoto aliye mgongoni. Na mahesabuni mwa mhandisi mama huyo ni sifuri, kwa sababu hana magurudumu.

Ripoti iliyotoka mwaka 1987, iliyoandikwa na Ian Barwell na Christina Malmberg Calvo, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya safari za kaya za Makete zilifanyika ndani ya kijiji na viunga vyake, kwa miguu, na kwamba mzigo mkubwa ulikuwa juu ya wanawake. Safari ya gari kwenda Njombe au Mbeya ilikuwa kipande kidogo cha maisha ya watu. Wanaume wengi wa Kikinga walikuwa wamekwenda kutafuta kazi na biashara mbali, hivyo anayebaki alibeba na zamu ya asiyekuwepo.

Kwa matokeo hayo mpango wa barabara ukabadilika sura. Barabara za kulisha vijiji zilikarabatiwa, tena kwa nguvu za watu na majembe zaidi kuliko mitambo, ili ujira ubaki kijijini. Lakini fedha zilikwenda pia kwenye vitu ambavyo Wizara ya Ujenzi isingeviita barabara: vijia vikachongwa ngazi penye utelezi, vivuko vya miguu vikawekwa kwenye vijito, mashine za kusaga zikasogezwa karibu, miti ya kuni ikapandwa. Punda wakaletwa, nao walifaa mahali ambapo toroli lilishindwa, kwani kwenye miteremko ya Makete gurudumu moja ni taabu tupu. Msingi wa mambo yote hayo ulikuwa mmoja: kumpunguzia mtu safari ni sawa na kumjengea njia.

Habari za Makete zilisomwa mbali. Wataalamu wa usafiri vijijini barani Afrika walizitumia pamoja na za Tanga na za Ghana kudai kwamba hesabu za magari hazitoshi, na katika miaka ya 1990 serikali ya Tanzania iliandaa mpango wa kitaifa wa usafiri na uchukuzi vijijini uliotokana na uzoefu huo.

Tatizo la mradi ni kwamba una siku ya mwisho. Barabara ya udongo haina. Inahitaji mitaro izibuliwe kila mwaka, la sivyo maji huchukua katikati ya njia na msimu mmoja hula kazi ya miaka mitano. Ndiyo maana mwaka 1991 Bunge liliamua kuwe na Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo katika kila lita ya mafuta, na sheria ya 1998 ikaupatia bodi iliyoanza kazi mwaka 2000. Mwaka huohuo Wakala wa Barabara, TANROADS, ulikabidhiwa barabara kuu na za mikoa. Sehemu kubwa ya fedha za matengenezo, kama asilimia 70, ilikwenda kwa barabara hizo, na asilimia 30 kwa halmashauri.

Mgawanyo huo ulikuwa na hoja. Lami inayokanyagwa na malori ya Zambia ikiachwa mwaka mmoja, gharama ya kuirudisha ni kubwa mno. Lakini Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulipoanzishwa mwaka 2017 kuzichukua barabara za wilaya zilizokuwa mikononi mwa halmashauri, mtandao wake ulikuwa wa zaidi ya kilomita 108,000, mara tatu ya ule wa TANROADS. Mwenye watoto wengi alipewa mkate mdogo, na wabunge wa majimbo ya vijijini walilisema hilo bungeni mwaka baada ya mwaka. Katika bajeti ya 2021/22 serikali iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mama wa debe kichwani hanunui dizeli, lakini tozo humfikia kupitia nauli na bei ya sabuni.

Hata fedha zikiwepo, kalenda nayo ina maneno yake. Ombi la kijiji hupitia kamati ya maendeleo ya kata, hufika kwa madiwani, huingia katika mpango wa wilaya na kujadiliwa katika bodi ya barabara ya mkoa. Likikubaliwa, mwaka wa fedha huanza Julai. Zabuni hutangazwa, mkandarasi hupatikana, mkataba husainiwa. Nyanda za juu kusini mvua huanza Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei. Kila wiki inayopotea mezani hupunguza wiki kavu za kumwaga moramu na kuishindilia, na greda likichelewa hukuta udongo umeshalowa.

Lami ilifika Makete hata hivyo. Barabara ya Njombe kwenda Iwawa kupitia Moronga, kilomita 107, ilizinduliwa mwaka 2022. Upande wa Iringa, Benki ya Dunia imekopesha fedha za mradi wa RISE kwa barabara za wilaya kama Kilolo na Mufindi, kwenye chai na mbao. Kwa mkulima wa viazi tofauti iko kwenye gunia. Mahali linapofika lori moja kwa wiki, mnunuzi ndiye anayeamua ukubwa wa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, kilemba juu ya kilemba. Yanapofika malori matatu, mkulima anaweza kusema hapana, akamngoja wa pili.

Toka kwenye lami hiyo, teremka hatua mia mbili tu kuelekea bondeni, na utakuta kijia cha zamani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeziweka barabara katika madaraja: kuu, za mkoa, za mkusanyo, za kulisha na za jamii. Kijia hakimo. Kwenye kijito kuna magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba, yamelainishwa juu na nyayo. Moja likioza, mwenyekiti wa kijiji huita msaragambo, vijana hukata gogo lingine, na kufikia jioni watu wanavuka na ndoo zao. Kwenye daftari la barabara la wilaya daraja hilo halina namba.