Hiyo Si Sanamu, Huyo Ni Babu wa Mtu

Tuseme mtu anaingia kwenu usiku, anang'oa msalaba wa kaburi la babu yako na kuuza. Miaka kumi baadaye unaukuta sebuleni kwa mwigizaji wa Hollywood, kando ya runinga, umemulikwa na taa yake ndogo, na wageni wanausifu huku wakinywa mvinyo. Ungeitaje hiyo kitu? Mimi ningeita wizi. Ila kwa miaka mingi, jina lililotumika lilikuwa "mkusanyiko wa sanaa ya Kiafrika."

Hii si stori ya kutunga. Ilitokea Kilifi, na sehemu kubwa yake ilitokea wakati wazazi wetu wengi walikuwa shule.

Naongea kuhusu vigango. Kama wewe ni Mkatoliki najua umefikiria kile kikanisa kidogo cha kijijini chini ya parokia. Sio hicho. Kigango cha Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda ni nguzo ya mbao ngumu isiyoliwa na mchwa kirahisi, imechongwa ikafanana na mtu bila kuwa picha ya mtu. Kichwa, mara nyingi cha duara. Shingo. Kiwiliwili kirefu, bapa, kilichojaa nakshi za pembetatu zinazopangana hadi chini, na ndani ya zile nakshi rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Vingine ni vifupi, vingine vinampita mtu mzima urefu. Kikishasimamishwa kinafungwa vitambaa, kinaongeleshwa, kinamwagiwa mnazi.

Na si kila mtu alichongewa. Hapa ndipo watu huchanganya, wanadhani mambo ya mizimu ni ya wote sawasawa. Kigango kilikuwa cha wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Kuingia Gohu kulikuwa na gharama. Ulilisha watu, ulilipa ada, ulifanya karamu ambazo kijiji kingezisimulia. Mzee wa kawaida akifa alipata koma, kijiti kifupi kisicho na madoido. Tajiri wa Gohu alipata nguzo yenye nakshi. Yaani hata ukifa, watu wanajua ulikuwa nani kwa kuangalia urefu wa mbao yako. Sitaki kuipamba hiyo sehemu. Dini za kwetu zilikuwa na matabaka yake, kama tu makanisa ya Ulaya ambako mfalme alizikwa ndani karibu na madhabahu, na mkulima akazikwa nje kwenye mvua.

Lakini utajiri peke yake haukuleta kigango. Mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye aliyekidai. Anamjia mwanawe ndotoni. Mtoto anaugua bila sababu, mvua inakataa, mifugo inakufa. Familia inakwenda kwa mganga, mganga anasema: mzee wenu analalamika, mmemsahau. Basi fundi anaitwa, mti unachaguliwa, kazi inafanywa kwa utaratibu wake. Siku kigango kinaposimama, roho ya mzee ina mahali pa kukaa. Na ikishakaa, haihamishwi. Familia ikihama boma kutafuta shamba lingine, kigango kinabaki palepale, kinapigwa na jua na mvua hadi kiishe chenyewe.

Shika hilo la kutohamishwa. Ndilo kiini cha haya yote.

Kabla ya wizi, kuna mwaka 1914. Miaka ile serikali ya Waingereza ilitaka Wagiriama watoe vijana wa kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi na kubeba mizigo, na walipe kodi. Mekatilili wa Menza akaenda Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, watu wakala kiapo cha kukataa. 1913 akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadori, wakapelekwa Kisii, wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Na Waingereza walifanya nini? Agosti 1914 walikwenda Kaya Fungo na baruti, wakailipua.

Hebu fikiria hiyo hesabu. Kaya haikuwa ngome ya bunduki. Ilikuwa miti, malango, makaburi, na fingo, ile kinga takatifu iliyozikwa ardhini. Kijeshi haikuwa na maana yoyote. Lakini walielewa kitu ambacho sisi leo tunakisahau, kwamba kiapo kina nguvu kwa sababu kimeliwa mahali fulani, mbele ya vitu fulani. Wewe ukiita msitu ule "ushirikina," kumbuka kuna serikali iliyouogopa kiasi cha kuubebea baruti.

Kaskazini kidogo, huko Mto Tana, mambo yalifanana. Wapokomo walikuwa na ngoma kuu, Ngadji, ambayo watu wengi waliisikia tu bila kuiona. Wazee ndio waliokuwa na haki ya kuikaribia. Waingereza wakaichukua. Iko British Museum tangu 1908, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo yote imekaa stoo. Stoo, maze. Hata hawaionyeshi.

Vigango vyenyewe havikuporwa na gavana. Hapo ndipo stori inauma kwa njia nyingine. Miaka ya 1970 na 1980 soko la sanaa ya Kiafrika lilipanda, watalii wakajaa Pwani, na wafanyabiashara wakagundua nguzo zimesimama porini bila mlinzi. Maboma mengine yalikuwa yamehamwa. Kwa mnunuzi kutoka Los Angeles, kigango kilichoachwa ni kitu kilichotupwa. Kwa Mgiriama, kigango kilichoachwa ndicho kilichoheshimiwa. Kitu kilekile, tafsiri mbili, na mwenye dola ndiye tafsiri yake ilishinda.

Na mikono iliyong'oa mara nyingi ilikuwa ya vijana wa hukohuko. Walilipwa pesa kidogo. Kufika Marekani, nguzo moja ilikuwa inauzwa kwa maelfu ya dola. Sitawatukana hao vijana. Huna kazi, umeambiwa kanisani au madrasani kwamba hayo ni mashetani, halafu mtu anakuletea noti mkononi kwa ajili ya kipande cha mbao cha mzee ambaye hukumjua. Wangapi kati yetu wangekataa?

Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama nyumbani kwake akiwa na vigango viwili vya ndugu zake waliofariki. Haukupita muda mrefu, vyote viwili vikaibwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta, akafariki bila kuviona tena. Kisha 1999 Udvardy akiwa kwenye mkutano wa wasomi Marekani, mtu mwingine anatoa mada na kuonyesha picha ukutani, na pale kwenye picha kuna kigango anachokijua. Kilikuwa makumbusho ya Illinois State University. Cha pili kikapatikana makumbusho ya Hampton University, Virginia. Kilichowarudisha ni ile picha ya 1985. Bila picha, makumbusho ingesema tu: thibitisheni. Illinois walirudisha chao 2006, Hampton 2007. Zaidi ya miaka ishirini kwa nguzo mbili ambazo ushahidi wake ulikuwa kamili. Na katika makumbusho ya Marekani kulikuwa na mamia.

Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kuvichukua na ngumu hivyo kuvirudisha? Jibu langu ni neno moja: sanaa. Najua linasikika kama sifa. Lakini angalia kazi linalofanya. Ukisema "hii ni sanaa," umesema thamani yake iko kwenye umbo lake, na umbo linaweza kubebwa. Unaliweka Denver, unaliweka Paris, pembetatu ni zilezile. Umeondoa roho, umeondoa mnazi, umeondoa boma, na hakuna kilichopungua machoni pako. Hakuna anayesema mifupa ya babu yake ni sanaa, hata ikiwa imepangwa vizuri. Kuwa na mamlaka ya kuamua kipi ni maiti na kipi ni pambo, hayo ni mamlaka makubwa kuliko bunduki.

Watu waliolielewa hili vizuri zaidi ni Wazuni, wenyeji wa New Mexico kule Marekani. Nao wana nguzo za mbao, zinaitwa Ahayu:da, miungu mapacha ya vita. Zinachongwa, zinawekwa mahali pa ibada pa wazi juu ya milima, na zinatakiwa kuoza. Kuoza ndiyo kazi yenyewe, nguvu yake inarudi ardhini kulinda watu. Watozaji wakazichukua, makumbusho yakazitibu dhidi ya wadudu, yakaziweka kwenye vyumba vikavu. Kwa msimamizi wa makumbusho, hiyo ni hifadhi. Kwa Mzuni, huyo ni mungu aliyefungiwa asifanye kazi yake. Mwaka 1978 viongozi wa Wazuni walianza kudai. Makumbusho yakasema, kwa mshangao wa kweli: lakini mkizichukua zitaharibika! Wazuni wakajibu kwamba ndiyo, ndivyo tunavyotaka. Zaidi ya 60 zimerudishwa, na ziko mahali penye ulinzi lakini pasipo paa. Mvua inazinyeshea.

Ndio maana sikubaliani na hoja ya wale wanaosema kwenye maoni, "afadhali walichukua, sisi tungeviacha vioze." Kigango kikioza kwenye boma lake hakijaharibika. Kimemaliza.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu ni rahisi sana kumlaumu Mzungu na kulala. Sai hivi Kilifi kuna wazee wanaoishi kwa hofu ya vijana wao. Mzee mwenye mvi anaitwa mchawi, anatishwa, na wengine wameuawa kwa panga, na mara nyingi ukichimba chini ya hayo madai ya uchawi unakuta shamba. Kijana anataka kuuza ardhi, mzee anakataa, ghafla mzee ni mchawi. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watoto wao wenyewe. Ebu ona tulipofika: alama ya mzee aliyekufa inapata kabati la vioo ng'ambo, na mzee aliye hai, anayejua kigango kinasimamishwa vipi na maneno gani yanasemwa, hana mahali pa kulala kwake.

Na hii lugha ya "mashetani" haikusaidia vigango pia. Nakubali kabisa mtu awe Mkristo au Mwislamu, mimi si nakuomba umwage mnazi. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "mimi siabudu hivyo" na kusema "kwa hivyo ni takataka." Ile sentensi ya pili ndiyo iliyompa mnunuzi bei nafuu.

Tangu kesi ya zile nguzo mbili, milango imefunguka kidogo. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver Museum of Nature & Science yalitangaza kurudisha vigango 30. Ungedhani vitapanda ndege wiki inayofuata. Ilichukua miaka. Na kuna vingine tisa kutoka chuo kimoja cha California vilivyofika Nairobi vikakwama uwanja wa ndege, kwa sababu watu wa forodha walitaka ushuru wa kuingiza bidhaa. Ushuru! Kuna fomu mahali iliyomhesabu mzee wa Gohu kama mzigo wa kutoka nje.

Lakini tuseme ushuru umeisha, karatasi zimesainiwa, sanduku limefunguliwa. Unampeleka wapi? Aliyeng'oa usiku hakuandika jina la boma. Dalali wa Mombasa hakuuliza. Muuzaji wa Los Angeles aliandika "Kenya, Giriama," urefu, na bei. Zile nguzo mbili za 1985 zilikuwa na picha, zilikuwa na familia iliyosubiri. Nyingi ya hizi nyingine zimerudi nchini bila mtu anayejua ni za ukoo gani, kwa hivyo zimebaki chini ya Makumbusho ya Taifa, zikiwa na namba. Na huko Kilifi, kwenye boma ambalo hakuna aliyeliandika, kuna shimo ambalo nguzo ilisimama. Huenda sasa ni shamba la mahindi. Huenda limejengwa.