UZI: Mji wa Kale ulifungwa 2020. Kabla ya hapo, nani alikuwa akihesabu vikohozi?

Siasa za Mombasa zikipamba moto, hoja hii haikosi. Mmoja atasema, "Mji wa Kale tulionewa wakati wa Korona." Mwingine atajibu, "Si mlikataa kupimwa?" Basi watatupiana maneno mpaka usiku wa manane. Leo tuache kelele kidogo jamani, tuangalie mambo yalivyokuwa. Na hayakuanza 2020.

Turudi Septemba 1918. Vita vya kwanza vya dunia vinaelekea ukingoni, meli zinaingia Mombasa na wanajeshi na mizigo. Homa kali ya mafua, ile walioiita ya Hispania, ikashuka bandarini pamoja nao, ikapanda reli kwenda bara. Watafiti waliochambua makaratasi ya serikali ya kikoloni ya huku pwani walikadiria kuwa iliua watu kama 25 katika kila 1,000. Fikiria mtaa wako wenye watu 4,000: hayo ni majeneza 100, tena kwa muda mfupi.

Lakini angalia walichokuwa wanatumia watafiti hao: vitabu vya hospitali na ripoti za maofisa. Aliyekohoa akafia nyumbani, akazikwa alasiri, mkoloni angemjulia wapi? Ugonjwa ulionekana tu pale ulipokutana na karani mwenye kalamu.

Sasa ruka mpaka 2006. Dunia ilikuwa na hofu ya homa ya ndege. Wizara ya Afya, ikisaidiwa na CDC ya Marekani, ikaanzisha ufuatiliaji wa mafua katika hospitali kadhaa nchini, na mojawapo ni ile kubwa ya Mkoa wa Pwani hapa kisiwani, ambayo wengi bado tunaiita Makadara. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mgonjwa amelazwa, ana homa na kikohozi kilichoanza siku chache zilizopita. Anachukuliwa majimaji ya puani na kooni, sampuli inawekwa kwenye baridi, inapelekwa maabara. Wiki hii, wiki ijayo, mwaka mzima. Ukifanya hivyo miaka kumi, unajua hali ya kawaida ikoje, na siku mambo yakiwa si ya kawaida unashtuka mapema.

Kuna jambo ambalo kazi hii imetufunza, na wanaobishana mitandaoni hawaligusi. Ulaya magonjwa haya yana msimu wake, wa baridi. Sisi je? Wazee watakwambia ni kipupwe, upepo wa kusi ukivuma. Wana lao, lakini virusi vya mafua Kenya hupatikana mwaka mzima. Na hapo jirani Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI wamefuatilia kirusi cha RSV tangu 2002, kile kinachobana vifua vya watoto wachanga, mara nyingi wimbi lake hupanda kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea miezi ya kaskazi, joto likiwa limeshika kweli. Ukinakili kalenda ya London, utajiandaa miezi isiyo yako.

Haya, 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alithibitishwa Machi. Aprili 8 Mombasa nzima ikazuiwa kutoka na kuingia. Mei 6 ikatangazwa kuwa Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, zimefungwa siku 15. Mikahawa na masoko, funga. Ilikuwa Ramadhani. Muda ulipokwisha, ukaongezwa hadi Juni 6, kwa hiyo Idd nayo ikapita watu wakiwa ndani ya vizuizi. Serikali ilisema maambukizi yamezidi pale na watu hawajitokezi kupimwa.

Hapa ndipo panaponiuma. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni mwaka huo huo, watafiti walipima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 nchini wakitafuta kingamwili za Korona, yaani alama kwamba mtu alishaambukizwa. Kwa nchi nzima wakakadiria asilimia 4 na ushei. Mombasa: asilimia 8, juu ya Nairobi. Hiyo ni kaunti yote, si vichochoro vya Mji wa Kale peke yake. Kwa makadirio hayo, walioambukizwa nchini walikuwa wengi mara mamia kuliko waliokuwa wakisomwa kwenye taarifa ya kila siku.

Maana yake ni nini? Kwamba uzio ulizunguka mtaa mmoja ilhali ugonjwa ulikuwa umeshatapakaa mji. Sisemi hapakuwa na wagonjwa pale, walikuwepo. Nasema unapohesabu waliopimwa tu, ramani yako inaonyesha ulipopima. Na mtu anayeogopa kuwekwa karantini kwa gharama yake hatakuja kupimwa, hata umwitie msikitini kwa kipaza sauti.

Tangu 2013 afya imegatuliwa. Hospitali ile sasa ni ya kaunti, mambo ya mlipuko yanashughulikiwa na kaunti na serikali kuu kwa pamoja, na sehemu kubwa ya pesa za ufuatiliaji imekuwa ikitoka nje. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje. Wagombea wetu huahidi majengo na ambulensi, kwa sababu hivyo vinapigwa picha. Kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli hakikatiwi utepe.

Kwa hiyo kikao cha maoni ya bajeti kikija mtaani kwenu, swali ni moja: mwaka huu, nani analipia sampuli za kikohozi pale Makadara, na ni fungu gani?