Muulizaji wa Tume ni wa Nani? Kutoka Kashfa ya Marconi hadi Tume ya Gomery

Mwezi wa Machi, 1912, Idara ya Posta ya Uingereza, iliyokuwa chini ya Waziri Herbert Samuel, iliikubali zabuni ya Kampuni ya Marconi ya kujenga mlolongo wa vituo vya simu ya upepo vitakavyoiunganisha Uingereza na milki zake za mbali, kituo kimoja kikikusudiwa kuwekwa Misri, kimoja India, na kimoja katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, nchi ambayo leo twaiita Kenya. Wenyeji wa himaya hiyo hawakuulizwa rai yao, wala hilo si jambo la kushangaza kwa mtu azijuaye zama hizo. Lakini mkataba ule, kabla haujapata idhini ya Bunge, ulizaa kashfa ambayo athari yake imeenea katika nchi zote zilizorithi sheria ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyoivunja heshima ya namna ya zamani ya kuchunguza mambo ya wakubwa, na ndani yake mna kisa cha mawakili ambacho wanahistoria wengi hukitaja kwa mstari mmoja tu na kukipita.

Mkurugenzi wa Kampuni ya Marconi alikuwa Godfrey Isaacs, na ndugu yake, Sir Rufus Isaacs, ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Udugu si jinai, na lau mambo yangeishia hapo pasingekuwa na la kuandika. Lakini tarehe 17 Aprili, siku mbili baada ya meli ya Titanic kuzama na sifa za simu ya upepo kuvuma duniani kote, Sir Rufus alinunua hisa 10,000 za kampuni ya Marconi ya Marekani, kwa bei ya paundi mbili kila moja, kutoka kwa ndugu yao wa tatu, Harry, kabla hisa hizo hazijatolewa sokoni kwa watu wote. Kisha akawauzia hisa elfu moja Waziri wa Fedha, David Lloyd George, na elfu moja nyingine mnadhimu mkuu wa chama chao cha Liberal Bungeni, Bwana wa Elibank. Mwezi wa Oktoba, tetesi zilipokwisha kujaa mjini, Mwanasheria Mkuu alisimama Bungeni akakana kwamba amefanya biashara yoyote katika hisa za kampuni ile iliyopewa mkataba. Neno lake lilikuwa sahihi kwa herufi zake, maana hisa alizozinunua zilikuwa za kampuni dada ya ng'ambo. Ila juu ya hizo za ng'ambo hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulimgharimu zaidi kuliko ununuzi wenyewe.

Ukweli ulitoka mahali pasipotarajiwa. Gazeti la Paris liitwalo Le Matin lilichapa tuhuma juu ya mawaziri hao, na Isaacs na Samuel wakalishitaki kwa kashfa mbele ya mahakama ya London, Machi 1913, gazeti lenyewe likiwa limekwisha kuomba radhi na halina nia ya kushindana. Katika daawa hiyo, ambayo hukumu yake ilikuwa imejulikana kabla ya kusikilizwa, wakili wa Isaacs ndiye aliyezitaja hadharani, kwa mara ya kwanza, zile hisa za Marekani. Na wakili mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa Sir Edward Carson, kiongozi wa Waunionisti wa Ireland, hasimu mkubwa wa serikali ya Liberal katika Bunge zima. Na Samuel naye alitetewa na F. E. Smith, mtu ambaye ulimi wake ulikuwa silaha kali kuliko zote katika viti vya upinzani.

Mawakili wa Kiingereza wana kanuni ya tangu na tangu kwamba wakili hana haki ya kumkataa mteja kwa sababu hampendi au hakubaliani na siasa yake, na kanuni hiyo ni njema, kwani bila yake mtu anayechukiwa na umma asingepata wa kumsemea. Carson na Smith waliitumia kanuni hiyo kujikinga. Lakini mtu aliyekwisha kushika kesi ya mwenzake hawezi tena, kwa adabu ya kazi yake, kusimama Bungeni kumshambulia katika jambo lilo hilo. Na kwa hiyo, mjadala mkubwa ulipofika, wale wawili ambao upinzani ulikuwa ukiwategemea kuliko wote walikaa kimya. Wenzao wa chama walikasirika mno. Mimi sisadiki kwamba Carson alinunuliwa, maana tabia yake haikuwa ya kununulika, wala sisemi kwamba Isaacs alimwendea kwa hila. Nasema tu kwamba ada halali, iliyolipwa kwa kazi halali, iliweza kuziba vinywa viwili ambavyo hongo isingeweza kuviziba, na kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa.

Kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza jambo hilo iligawanyika kwa vyama vyake: walio wengi, wa upande wa serikali, wakawasafisha mawaziri, na Lord Robert Cecil wa upinzani akaandika taarifa yake ya kuwalaumu. Kabla ya mwaka 1913 kwisha Sir Rufus alikuwa Jaji Mkuu wa Uingereza. Baada ya hapo watu hawakuwa na imani tena na kamati za namna ile, na zilipozuka tuhuma mpya juu ya maofisa wa Wizara ya Silaha ya wakati wa vita, Bunge lilipitisha Sheria ya Mabaraza ya Uchunguzi ya mwaka 1921, ambayo iliuweka uchunguzi mikononi mwa baraza lenye uwezo wa mahakama kuu wa kuwaita mashahidi na kuwaapisha, na ambalo aghalabu lilipewa jaji kuwa mwenyekiti.

Sheria ile ilikuwa na pengo, nalo lilikuwa katika kiti cha muulizaji. Jaji asikilizapo daawa ya kawaida ana pande mbili mbele yake, kila upande ukileta ushahidi wake. Barazani hakuna mdai wala mdaiwa, na mtu ambaye huamua shahidi gani aitwe, karatasi gani isomwe, na swali lipi liishie njiani, ni wakili wa baraza. Na ilikuwa desturi kwamba wakili huyo awe Mwanasheria Mkuu wa Serikali: mtu aliye mshauri wa mawaziri, aliyeteuliwa na Waziri Mkuu, aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama kilichotuhumiwa, na ambaye wadhifa wake ungeondoka pamoja na serikali hiyo.

Mwaka 1948 jambo hili lilipata mtihani wake katika Baraza la Jaji Lynskey. John Belcher, aliyekuwa karani wa reli kabla ya kupanda hadi kuwa naibu waziri katika wizara ya biashara, alituhumiwa kupokea zawadi za mfanyabiashara mmoja mwenye maneno matamu, Sidney Stanley: kijaluba cha dhahabu cha kutilia sigara, suti, na mapumziko hotelini Margate. Muulizaji alikuwa Sir Hartley Shawcross, Mwanasheria Mkuu wa serikali ile ile ya Labour, mtu aliyekwisha kuongoza mashtaka ya Uingereza kule Nuremberg, naye akamhoji mwenzake wa chama kwa ukali ambao waliousikia hawakuusahau. Belcher aliacha wadhifa wake na kiti chake cha Bunge, akarudi katika kazi ya reli. Shawcross alisifiwa sana, na kwa haki; lakini sifa zenyewe zilikuwa na kasoro, maana mtu hasifiwi kwa kutowapendelea wenziwe isipokuwa mahali ambapo mpango wa kazi ulimruhusu kuwapendelea.

Miaka tisa baadaye aliyekalia kiti hicho hakupata sifa kama hizo. Tarehe 19 Septemba, 1957, Benki Kuu ya Uingereza ilipandisha riba kutoka asilimia 5 hadi 7, na upinzani ukadai kwamba siri ilikuwa imevuja kwa watu wa fedha wenye uhusiano na chama cha Conservative. Baraza likaundwa chini ya Jaji Parker, na Sir Reginald Manningham-Buller, Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Conservative, akawa muulizaji; na miongoni mwa aliowahoji alikuwa Harold Wilson, mmoja wa viongozi wa upinzani waliosimama mbele katika kudai uchunguzi. Baraza halikuona siri iliyovuja. Pengine ndivyo ilivyokuwa; ila wafuasi wa Labour waliona tu kwamba wakili wa mtuhumiwa amemhoji mlalamikaji, na hakuna taarifa ya jaji, hata iwe imeandikwa kwa ufasaha namna gani, iwezayo kuiondoa picha ya namna hiyo machoni pa watu.

Tume ya Kifalme ya Jaji Salmon ya mwaka 1966 iliweka misingi sita, mizuri yote, ya kumlinda shahidi: aelezwe tuhuma zake mapema, apewe nafasi ya kujitayarisha, awe na wakili wake. Sheria ya 1921 hatimaye ilifutwa na Sheria ya Uchunguzi ya 2005, ambayo kifungu chake cha tisa kinamkataza waziri kumteua mjumbe mwenye maslahi ya moja kwa moja katika jambo linalochunguzwa, au mwenye ukaribu na wahusika. Kifungu hicho chasema juu ya wajumbe wanaokaa mezani. Wakili asimamaye mbele yao hakutajwa. Msomaji wa Kenya anajua jinsi hata hilo la wajumbe linavyoweza kuichosha nchi: Balozi Bethuel Kiplagat, mwenyekiti wa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, alikaa kando tangu Novemba 2010 mpaka mwaka 2012 kwa sababu ya kikao cha Wajir cha Februari 1984, siku chache kabla ya mauaji ya Wagalla, kikao alichohudhuria akiwa katibu mkuu wa wizara, ijapokuwa yeye alikana kwamba mauaji yalipangwa humo. Huyo, hata hivyo, alikuwa mwanadiplomasia, na kisa cha mawakili kilifika kilele chake Kanada.

Baada ya kura ya maoni ya 1995, ambamo Quebec ilibaki ndani ya Kanada kwa wingi mdogo mno, serikali ya Jean Chrétien ilianzisha mpango wa kufadhili sherehe na michezo ili bendera ya nchi ionekane jimboni. Februari 2004 Mkaguzi Mkuu, Sheila Fraser, alitangaza kwamba katika dola kama milioni 250 zilizotumika, zaidi ya milioni 100 zilikuwa zimekwenda kwa mashirika ya matangazo kama ada na kamisheni. Paul Martin, mrithi wa Chrétien na mshindani wake wa siku nyingi ndani ya chama cha Liberal, akaunda tume chini ya Jaji John Gomery. Gomery akamchagua Bernard Roy kuwa wakili mkuu wa tume.

Roy alikuwa wakili hodari, na hapana aliyelipinga hilo. Lakini alikuwa pia rafiki wa Brian Mulroney, Waziri Mkuu wa zamani wa Conservative, ambaye ofisi yake Roy aliiongoza katika miaka ya 1980; wote wawili walikuwa katika kampuni moja ya mawakili, Ogilvy Renault; na katika kampuni hiyo hiyo alifanya kazi binti wa Jaji Gomery. Fauka ya hayo, Mulroney aliwahi kuishitaki serikali ya Chrétien kwa sababu ya barua ya polisi iliyomtuhumu katika ununuzi wa ndege za Airbus, na serikali ikamwomba radhi mwaka 1997. Kwa hiyo mtu ambaye angemhoji Chrétien alikuwa rafiki na mwenzi wa kazi wa mtu aliyekuwa na uhasama wa dhahiri na Chrétien.

Jaji naye akaongeza kuni. Desemba 2004, kabla ushahidi haujakwisha, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mipira ya gofu iliyoandikwa jina la Chrétien, iliyolipiwa na mpango ule, ilikuwa jambo la rahisi rahisi la mtu wa mji mdogo. Mawakili wa Chrétien walimtaka ajitoe, akakataa. Tarehe 8 Februari, 2005, Chrétien alipomaliza ushahidi wake, alitoa mkobani mipira ya gofu aliyopewa na wakubwa wa dunia, wakiwamo marais wa Marekani, akiionyesha mmoja mmoja na kuuliza kama hao nao walikuwa watu wa rahisi. Na mpira wa mwisho, alioushika juu kwa furaha isiyofichika, uliandikwa Ogilvy Renault. Wanasheria walitumia kurasa nyingi kulieleza pingamizi lile, na mzee wa miaka 71 akalieleza kwa mpira wa gofu mbele ya nchi nzima.

Taarifa ya Novemba 2005 ilimlaumu Chrétien na kumsafisha Martin, na mwezi huo huo serikali ya Martin ikaanguka. Mwaka 2008 Jaji Max Teitelbaum wa Mahakama ya Shirikisho alizifuta lawama zilizomhusu Chrétien, akisema kulikuwa na sababu ya haki ya kuogopa upendeleo, na mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2010. Hukumu iliegemea zaidi maneno ya Jaji Gomery kwa waandishi wa habari. Haikuegemea urafiki wa wakili wake na Mulroney, wala anwani ya ofisi waliyokuwamo wote wawili.