Vichaa hawasikii baridi?

Machi 1841 mwalimu Dorothea Dix aliingia jela ya East Cambridge, Massachusetts, kuwafundisha wafungwa wanawake Biblia. Akakuta wagonjwa wa akili wamefungiwa humo, tena bila moto. Hawakuwa na kosa. Hapakuwa na pengine pa kuwaweka. Alipouliza, akajibiwa kwamba vichaa hawasikii baridi! Dix akazunguka jela na nyumba za maskini za jimbo zima akiandika alichokiona, na mwaka 1843 ripoti yake ikafika bungeni. Hospitali ya Worcester ikapanuliwa.

Lakini ngoja kwanza. Mwaka 1955 hospitali za majimbo ya Marekani zililaza wagonjwa zaidi ya 550,000. Baadaye nyingi zikafungwa, kliniki za mitaani zilizoahidiwa hazikutosha, na leo jela za Los Angeles na Chicago zina wagonjwa wa akili wengi kuliko hospitali nyingi.