UZI: Foleni ya lami, na kwa nini barabara zetu hazimaliziki

1. Kila msimu wa siasa swali ni lile lile: "Hii barabara mlizindua, mbona haijaisha?" Upande mmoja unasema pesa ziliibwa. Upande mwingine unasema mwanakandarasi ni mzembe. Halafu tunatusiana hadi saa nane usiku, na barabara iko vile vile. Leo twende polepole, kihistoria. Sitataja mwanasiasa wala chama. Anayetaka kuwataja ana nyuzi zingine nyingi za kufanya hivyo.

2. Naanza na kwetu Ukambani. Soko letu liko kando ya barabara ya mchanga. Mwaka 2016 barabara hiyo ilizinduliwa: tenti, viti vya plastiki, kwaya, hotuba, greda mbili zimeegeshwa zionekane vizuri kwenye picha. Wiki chache baadaye vijana walikuja na rangi nyekundu wakapiga X kwenye veranda ya duka la baba yangu. Mzee hakubishana. Alivunja veranda na chumba cha mbele kwa mikono yake, akarudisha duka nyuma. Si lami inakuja?

3. Mitambo ilikaa kama miezi minane. Wakachimba mtaro, wakashusha kalvati, wakaondoka. Mtaro ukabaki wazi kati ya duka na barabara, wateja wakawa wanavuka kwa ubao. Wamama wenye mizigo wakaanza kununua ng'ambo ile nyingine. Mimi niliamini kabisa kuna mtu alikula hizo pesa. Labda. Lakini nilipoanza kusoma jinsi barabara inavyolipiwa, nikakuta tatizo ambalo lingekuwepo hata kama kila mtu ni malaika.

4. Pesa zinatembea hivi. Mwanakandarasi hangoji barabara iishe ndiyo alipwe. Anafanya kipande, mhandisi anapima, cheti cha malipo kinatolewa, kinapelekwa serikalini, analipwa, anaingia kipande kinachofuata. Cheti kikikaa bila kulipwa, mitambo inazimwa, vijana wa kibarua wanarudi nyumbani, na benki iliyomkopesha inaanza kumpigia simu. Kwa kawaida mkataba unamruhusu kudai riba kwa kila malipo yaliyochelewa. Kwa hivyo barabara imesimama, lakini gharama yake inaendelea kupanda.

5. Deni hili likafika wapi? Mwaka 2024 ushuru wa barabara kwenye mafuta ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka 2025 serikali ikachukua shilingi 7 kati ya hizo 25 na kuziweka rehani ili ipate bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi. Kumbuka ushuru huu ulianzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya kukarabati barabara. Sasa petroli utakayonunua miaka ijayo inalipa kazi iliyofanywa zamani, na mashimo ya kesho yatatafutiwa pesa kwingine.

6. Sasa hesabu ndogo. Hii ni ya mfano tu. Una barabara tano, kila moja inagharimu bilioni 1. Kila mwaka unapata bilioni 1 pekee. Ukijenga moja moja, ya kwanza inaisha mwaka wa kwanza, ya pili mwaka wa pili, hadi ya tano mwaka wa tano. Ukianzisha zote siku moja, kila moja inapata milioni 200 kwa mwaka, na zote zinaisha mwaka wa tano.

7. Soma tena hapo. Yule wa mwisho kwenye foleni hakuchelewa hata siku moja. Angemaliza mwaka wa tano kwa njia zote mbili. Lakini wenzake wanne wangekuwa wanatembea kwenye lami mapema. Ukianzisha zote kwa pamoja hakuna anayepata mapema, na ukiongeza riba na mitambo iliyolala, hata huo mwaka wa tano haufikiwi. Unakuwa wa saba, wa tisa.

8. Basi kwa nini tunazindua zote? Jibu fupi ni kura. Lakini hilo halitoshi, kwa sababu kura ni zetu. Kwa nini mwananchi akubali kuzinduliwa barabara asiyoweza kumaliziwa, badala ya kuambiwa ukweli kwamba zamu yake ni mwaka wa tano? Kwa sababu hatuamini foleni. Na tuna sababu.

9. Rudi nyuma. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Barabara za mkoloni zilizofuata zilienda kule ambako serikali na walowezi walikuwa na shughuli: mashamba ya mlimani, stesheni za reli, makao ya wilaya. Kaskazini ilifungwa, mtu akahitaji kibali kuingia na kutoka. Wengine hawakuwa hata mwisho wa foleni. Hawakuwa kwenye foleni.

10. Uhuru ukaja mwaka 1963. Miaka miwili baadaye ukatoka Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965. Ulisema pesa za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, na tayari pana usafiri na umeme. Faida ikipatikana, ndiyo itumike kusaidia kwingine. Kwa lugha ya soko: aliye na barabara aongezwe, asiye nayo angoje.

11. Kiuchumi unaweza kuutetea waraka huo. Nchi ilikuwa changa na pesa zilikuwa kidogo. Lakini waulize watu wa Marsabit walingoja kiasi gani. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500, ilianza kuwekwa lami kwa awamu mwaka 2007 na ikachukua karibu miaka kumi. Yaani zaidi ya miaka 50 baada ya Uhuru ndiyo lami ikafika mpakani. Kabla ya hapo mtu wa kule akisafiri kuja Nairobi alisema anaenda "Kenya". Haukuwa mzaha.

12. Halafu kuna miaka ya tisini. Mwishoni mwa 1991 wafadhili walisimamisha misaada. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikabomoa madaraja na kula lami iliyobaki. Waliokuwa wamesimama kwenye foleni vizuri, wamengoja zamu yao kwa adabu, waliona foleni yenyewe ikivunjika. Mzazi aliyepitia hayo anamfundisha mtoto wake jambo moja: ukiona greda, hakikisha imeshusha hata kama ni mchanga tu. Kesho haijulikani.

13. Baadaye tulijaribu kurekebisha. Bodi ya Barabara iliundwa kwa sheria ya 1999. Sheria ya 2007 ikazaa KeNHA, KURA na KeRRA. Katiba ya 2010 ikagawa barabara kati ya serikali kuu na kaunti. Mambo mazuri. Lakini mikono yenye haki ya kuzindua iliongezeka, na mfuko wa pesa haukuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 2014 ukatangazwa mpango wa kilomita 10,000 za lami ambapo wanakandarasi wangetafuta mikopo wenyewe. Zabuni zikaja na bei za juu, mpango ukapunguzwa. Matarajio ya watu hayakupunguzwa.

14. Kuna atakayesema, "Lakini fidia ya ardhi je?" Kweli. Ibara ya 40 ya Katiba inasema serikali ikichukua ardhi yako ilipe fidia ya haki, kamili, bila kuchelewa. Hiyo ni haki yako na yangu. Shida ni pale mitambo inapotangulia fidia. Familia moja isiyolipwa ikienda kortini, kilomita nzima inasimama, na wako sawa kwenda. Tena ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, hata ile iliyotengewa barabara, ilivyogawiwa watu binafsi. Sehemu nyingine tunanunua mara ya pili kitu kilichokuwa chetu.

15. Na pesa za mwekezaji hazimalizi matatizo yote. Mkataba wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulitiwa saini mwaka 2020 na kundi la kampuni likiongozwa na Wafaransa. Ulikwama kwenye bei na kwenye swali la nani atabeba hasara magari yakipungua. Ulivunjwa 2025, ukapatikana mjenzi mwingine, na kazi ikazinduliwa mwishoni mwa mwaka huo. Miaka mitano, na watu waliendelea kufa kwenye ajali njia hiyo hiyo nyembamba.

16. Sasa angalia upande wa pili. Mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa barabara ya Thika uliidhinishwa 2007. Ujenzi ulianza 2009, wanakandarasi watatu, kila mmoja na kipande chake, na 2012 magari yakapita. Nairobi Expressway, kilomita 27, ilianza 2020 na ikafunguliwa 2022, ingawa kila ukipita unalipa. Wahandisi tunao, saruji ipo, jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba pesa zilijulikana zinatoka wapi kabla ya tingatinga kufika.

17. "Kwa hivyo unatetea wezi?" Hapana. Wizi upo, na barabara iliyokwama ndiyo maficho yake mazuri. Barabara ikikaa miaka minane, mkataba umebadilishwa, wasimamizi wamehamishwa, bei imepanda, riba imeongezwa. Nani atajua ni shilingi ngapi ilipotea njiani? Barabara iliyoisha kwa miaka miwili ni rahisi kuikagua. Kwa hiyo anayechukia wizi anapaswa kuchukia uzinduzi wa holela kwanza.

18. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 yenyewe inasema ofisi isianze zabuni kabla ya kuhakikisha pesa zimetengwa. Iko kwenye vitabu. Haifuatwi kwa sababu hatuiulizii. Sisi tukifika mkutanoni tunauliza, "Mtatujengea lini?" Swali hilo ni tamu kwa anayejibu, maana jibu lake ni ahadi tu.

19. Badilisha maswali. Bajeti ya mwaka huu imetenga shilingi ngapi kwa barabara hii, kwa jina lake? Fidia imelipwa? Nguzo za umeme na mabomba ya maji yatahamishwa lini? Kuna vyeti vingapi havijalipwa? Na lile gumu: ni barabara gani itasimamishwa ili hii iishe? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandika barua kuuliza, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Huhitaji wakili wala kujuana na mtu.

20. Lakini na sisi tuna kazi. Foleni haiwezi kufanya kazi kama kila eneo likiambiwa "ninyi ni mwaka wa nne" linaona limetukanwa. Na watu hawataamini wakiambiwa kwa mdomo. Waonyeshwe orodha iliyochapishwa, yenye sababu, ambayo haibadilishwi kila baada ya uchaguzi. Aliyeachwa nyuma tangu 1965 awekwe mbele kwa maandishi. Hapo ndipo mtu wa mwaka wa nne anaweza kungoja bila kujiona mjinga.

21. Nilikuwa nyumbani Desemba. Duka bado liko nyuma, mtaro bado uko wazi, ubao umebadilishwa mara tatu. Nikamuuliza mzee kama hafikirii kurudisha chumba cha mbele, angalau apate wateja. Akaniambia, "Kijana wangu, nikijenga leo, kesho watakuja. Nisipojenga, hawatakuja. Sasa wewe uliyesoma niambie nifanye nini."

22. Sikuwa na jibu. Nilimwomba jina kamili la barabara kama lilivyoandikwa kwenye ule ubao wa mradi, ambao sasa kuku wanalala chini yake. Barua nimeshaandika. Siku 21 zikiisha nitawaambia hapa walichosema, au kama walinyamaza. Na wewe ambaye ya kwenu imekwama, andika yako.