Nusukaputi katika Njia ya Misafara

Neno nusukaputi, litajwalo kwa dawa ya kumlaza mgonjwa anayepasuliwa, lina nusu itokayo katika Kiarabu, na kaputi ilinganayo na neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika. Nusu ya kufa, basi. Na jina hilo laeleza hatari ya dawa yenyewe kuliko jina la dawa ya usingizi.

James Young Simpson aliijaribu klorofomu mjini Edinburgh mwezi wa Novemba 1847. Ilipendwa kwa kuwa kidogo chake kilitosha, wala haikushika moto upesi kama etha. Lakini mwezi wa Januari 1848 binti wa miaka 15, Hannah Greener, alikufa huko Uingereza alipovutishwa dawa hiyo ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Ikadhihirika kwamba kazi hii yahitaji watu wawili wajuzi: mmoja wa kupasua, na mmoja wa kuiangalia pumzi ya mgonjwa.

Katika Unyamwezi wa zamani hata mmoja alikuwa adimu. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, palipo leo mji wa Tabora na mtaa wake wa Cheyo, msafara ulikwenda miezi miwili au mitatu. Magharibi zaidi, Urambo kwa Mtemi Mirambo, Daktari Ebenezer Southon wa Chama cha Kimisionari cha London alifika mwaka 1879. Mwaka 1882 alipigwa risasi mkononi kwa bahati mbaya. Tabibu akawa mgonjwa. Aliyemkata mkono ni Copplestone, mmisionari wa Uyui, ambaye hakuwa daktari. Mwenye elimu akilazwa, hawezi kumwelekeza amkataye. Asipolazwa, maumivu yote ni yake. Southon alifariki mwezi wa Julai mwaka uo huo.

Huko Bunyoro, mwaka 1879, Robert Felkin alimshuhudia mganga wa nchi hiyo akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mgonjwa alinyweshwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo mganga alinawa mikono na kumwosha tumbo. Msaidizi mmoja alishika tumbo, wa pili miguu. Felkin alipoondoka, mama na mtoto walikuwa hai.

Jeraha la risasi na uzazi ni mambo mawili mbalimbali, na pombe haiwezi kushindana na klorofomu. Hata hivyo, Bunyoro kazi ile ilikuwa na watu watatu walioizoea. Urambo ujuzi wote ulikuwa wa mtu mmoja, naye ndiye aliyelala kitandani.