Huduma Namba

Huduma Namba ni jina la kawaida la namba ya utambulisho ambayo Serikali ya Kenya ilianza kuwasajilia wakazi wa nchi mwaka 2019. Namba hiyo ilikuwa sehemu ya mfumo wa kitaifa wa kuunganisha kumbukumbu za utambulisho, unaojulikana kwa kifupi kama NIIMS. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumpa kila mkazi, raia au mgeni, namba moja ya kumtambulisha maisha yake yote na katika ofisi zote za serikali.

Mpango huo ulipingwa mahakamani tangu mwanzo. Mahakama Kuu ilitoa hukumu mbili kuu kuuhusu, ya kwanza Januari 2020 na ya pili Oktoba 2021. Hakuna hukumu kati ya hizo iliyokataa namba moja ya utambulisho wala matumizi ya kompyuta katika usajili. Kosa kuu lililoonwa na majaji lilihusu utaratibu: serikali ilikusanya taarifa za watu kwanza, na kinga za kisheria zikafuata baadaye. Kwa sababu hiyo kesi za Huduma Namba hutajwa mara nyingi katika mijadala kuhusu faragha na mamlaka ya dola barani Afrika.

Jina

Neno "huduma" lilikuwa tayari limezoeleka nchini Kenya kutokana na Huduma Centre, vituo vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 2013 ambapo mwananchi hupata huduma nyingi za serikali chini ya paa moja. Vituo hivyo vilipokewa vizuri, kwa sababu vilipunguza safari na foleni. Jina la namba mpya lilifuata sifa hiyo.

Usuli

Usajili wa watu nchini Kenya una historia iliyoacha kumbukumbu chungu. Chini ya ukoloni wa Kiingereza, sheria ya mwaka 1915, ambayo utekelezaji wake ulianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande. Hiki kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi na waajiri, na kilitiwa katika kijaluba cha chuma kilichovaliwa shingoni. Mfanyakazi aliyemtoroka mwajiri aliweza kutafutwa na kukamatwa kwa njia hiyo. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyoongozwa na Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake Machi 1922 kulizusha maandamano Nairobi. Polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji na kuwaua wengi. Mwaka 1947 usajili ulipanuliwa kisheria kuwa wa watu wa rangi zote.

Baada ya uhuru, kitambulisho cha taifa kiliendelea kuwa mlango wa karibu kila haki: kupiga kura, kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu, kupata kazi, hata kuingia katika majengo ya ofisi. Hata hivyo baadhi ya jamii hazikukipata kwa urahisi. Wanubi, ambao wengi wao ni wazao wa askari wa jeshi la kikoloni na ambao makao yao mashuhuri ni Kibera, walitakiwa kufika mbele ya kamati za kuwahoji na kuonyesha hati za wazazi na mababu. Wakenya wenye asili ya Kisomali walipitishwa katika uchunguzi maalumu kuanzia mwaka 1989 na kupewa kadi za ziada za rangi ya waridi. Wamakonde wa Pwani walitambuliwa kuwa raia mwaka 2016 tu, na Wapemba mwaka 2023.

Kwa hiyo tangazo kwamba kila huduma ingetegemea namba moja halikupokewa sawa na watu wote. Mwenye kitambulisho aliweza kuona namba hiyo kama nafuu. Asiye nacho aliona uwezekano wa kufungiwa milango yote kwa pamoja.

Sheria ya kuanzisha mfumo

NIIMS haikuanzishwa kwa sheria yake yenyewe. Iliingizwa kama marekebisho ya Sheria ya Usajili wa Watu, ndani ya sheria ya marekebisho mbalimbali ya mwaka 2018 iliyogusa sheria nyingi kwa wakati mmoja. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 18 Januari 2019.

Sheria iliruhusu kukusanywa kwa taarifa za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili vinavyomtofautisha mtu mmoja na mwingine. Orodha yake ilitaja alama za vidole, umbo la mkono, umbo la ndewe la sikio, mboni na retina ya jicho, mawimbi ya sauti, na DNA katika muundo wa kidijitali. Pia iliruhusu kurekodiwa kwa mahali halisi pa makazi ya mtu kwa kipimo cha GPS. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya ulinzi wa data.

Usajili wa mwaka 2019

Baada ya majaribio katika kaunti 15, usajili wa nchi nzima ulizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta katika Kaunti ya Machakos tarehe 2 Aprili 2019. Maofisa wenye vifaa vya kielektroniki waliwekwa katika maeneo yote ya nchi. Mwombaji alijaza fomu ya maelezo yake binafsi, kisha akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. DNA haikuchukuliwa. Usajili ulipangwa kumalizika tarehe 18 Mei, ukaongezwa kwa wiki moja. Kulingana na serikali, watu takriban milioni 37 walijiandikisha. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu milioni 47.6.

Siku moja kabla ya uzinduzi, tarehe 1 Aprili, Mahakama Kuu ilitoa maagizo ya muda. Serikali iliruhusiwa kuendelea, ila isimlazimishe mtu yeyote kujiandikisha, isiweke tarehe ya mwisho, isikusanye DNA wala vipimo vya GPS, isimnyime mtu huduma kwa kukosa namba, na isigawe taarifa hizo kwa wengine. Hata hivyo, viongozi waliendelea kuwahimiza wananchi kwa maneno yaliyofahamika kama onyo, na watu wengi walipanga foleni wakiamini kwamba bila namba wangekosa pasipoti, leseni au matibabu. Mswada wa Huduma uliochapishwa baadaye mwaka huo uliongeza hofu hiyo, kwa kuwa ulipendekeza adhabu za faini na kifungo.

Kesi ya kwanza

Kesi tatu ziliunganishwa na kusikilizwa pamoja. Walalamikaji walikuwa Nubian Rights Forum, shirika lisilo la kiserikali la Kenya Human Rights Commission, na tume ya kikatiba ya haki za binadamu, KNCHR. Hoja zao zilisimama juu ya Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010, inayolinda faragha ya kila mtu. Ibara hiyo inajumuisha haki ya mtu kutotakiwa kutoa habari za familia yake au mambo yake binafsi pasipo lazima. Neno "lazima" ndilo lililokuwa kiini cha kesi: swali halikuwa kama serikali inaweza kuuliza, bali kama inahitaji kweli kila inachouliza.

Hukumu ilitolewa tarehe 30 Januari 2020 na majaji Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir. Mambo makuu yalikuwa haya:

1. Kukusanya DNA na vipimo vya GPS kulikuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa kunaingilia faragha kupita kiasi na haja yake haikuthibitishwa.
2. Taarifa nyingine zilizoorodheshwa zilikubaliwa kuwa zinahitajika kwa utambulisho.
3. Hoja kwamba wananchi hawakushirikishwa katika kutunga sheria haikukubaliwa.
4. Kulikuwa na hatari ya baadhi ya watu kuachwa nje, hasa wasio na hati za utambulisho, na ulinzi wa taarifa za watoto haukutosha.
5. Serikali ingeweza kuendelea na mfumo, mradi kwanza iweke kanuni kamili na zinazofaa za kuuendesha.

Wakati kesi ikiendelea, Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyotiwa saini na Rais tarehe 8 Novemba 2019 na kuanza kutumika mwezi huohuo. Majaji waliona kwamba kuwa na sheria kwenye karatasi hakutoshi ikiwa hakuna ofisi ya kuisimamia.

Kadi na kesi ya pili

Oktoba 2020 serikali ilichapisha kanuni za mfumo. Tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, Rais na mkewe walipokea kadi za kwanza mjini Kisii. Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa tarehe 16 Novemba. Siku mbili baadaye, tarehe 18 Novemba, serikali ilitangaza kuanza kwa utoaji wa kadi kwa umma.

Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai, aliyewahi kuongoza tume ya marekebisho ya Katiba, walirudi mahakamani. Walitegemea kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, kinachotaka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kazi yoyote inayoweza kuhatarisha haki za watu ambao taarifa zao zinatumika. Tathmini hiyo haikuwa imefanywa. Serikali ilijibu kwamba taarifa zilikusanywa kabla ya sheria hiyo kuwapo.

Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah alikataa jibu hilo. Alieleza kwamba sheria hiyo inatekeleza haki ya faragha iliyokuwamo katika Katiba tangu mwaka 2010, hivyo inagusa pia taarifa zilizokusanywa kabla yake. Uamuzi wa kutoa kadi ulibatilishwa, na serikali ikaamriwa kufanya tathmini kwanza.

Hatari ya hifadhi moja

Wahandisi na wanasheria waliochambua NIIMS walitofautisha njia mbili za kumtambua mtu. Katika njia ya kwanza, alama zake huwekwa ndani ya kadi anayoibeba mwenyewe, na mashine hulinganisha kidole na kadi. Katika njia ya pili, alama za watu wote huwekwa katika hifadhi moja kuu, na kila ulinganishaji hupitia hapo. Njia ya pili husaidia kugundua mtu aliyejiandikisha mara mbili. Lakini pia huwezesha mwenye hifadhi kujua mtu alihudumiwa wapi na lini, na hifadhi ikivunjwa, madhara huwafikia wote. Nywila iliyoibwa hubadilishwa kwa dakika chache; alama ya kidole iliyoibwa haina mbadala.

Imani ya umma

Uvumi mwingi ulienea wakati wa usajili. Baadhi ya waumini walidai kuwa namba hiyo ni alama ya mnyama inayotajwa katika Kitabu cha Ufunuo. Wengine waliamini kuwa ingetumiwa katika uchaguzi au kutoza kodi. Madai haya hayakuwa na uthibitisho, lakini yalipata nafasi kwa sababu majibu rasmi kuhusu nani angeona taarifa, kwa muda gani na kwa kazi gani yalikuwa machache.

Matukio mengine yaliongeza mashaka. Juni 2021, baada ya msajili wa vyama vya siasa kuwezesha wananchi kukagua uanachama wao mtandaoni, Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Julai 2023 mashambulizi ya mtandaoni yalivuruga eCitizen, tovuti kuu ya huduma za serikali. Agosti 2023 serikali yenyewe ilisimamisha shughuli za Worldcoin, kampuni binafsi iliyokuwa ikipiga picha mboni za macho ya watu kwa ahadi ya malipo, baada ya maelfu kupanga foleni Nairobi.

Mwisho wa mpango na Maisha Namba

Serikali ya Rais William Ruto, iliyoingia madarakani Septemba 2022, iliachana na Huduma Namba. Mwaka 2023 ilitangaza mpango mwingine uitwao Maisha Namba, pamoja na kadi mpya ya utambulisho. Namba hiyo ilikusudiwa kutolewa tangu kuzaliwa. Mpango huo nao ulipelekwa mahakamani. Mahakama Kuu iliusimamisha Desemba 2023 na tena Julai 2024, na kila mara zuio liliondolewa baadaye. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kukomeshwa kwa uhakiki wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani, jambo ambalo jamii hizo zilikuwa zikilidai kwa miaka mingi.

Katika nchi nyingine

Maswali kama hayo yaliamuliwa katika nchi nyingine karibu wakati uleule. Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya Uhindi iliuhalalisha mfumo wa Aadhaar kwa misaada ya serikali, lakini ikazuia kampuni binafsi kuudai kwa wateja wao. Aprili 2019 mahakama ya Jamaika ilibatilisha sheria nzima ya utambulisho wa kitaifa. Majaji wa Kenya walizichunguza hukumu zote mbili. Hukumu yao ya mwaka 2020 ilikuwa katikati: haikubatilisha mfumo, lakini iliutaka usubiri kanuni.

Tazama pia

Kipande (Kenya)
Katiba ya Kenya
Huduma Centre
Harry Thuku
Wanubi wa Kenya
Aadhaar